Jina la Kuvukia Moto

Siku Kamate alipomuona Bénita mara ya kwanza, binti alikuwa ameshika kaa la moto katika kiganja, vile mutu anashika kifaranga. Ilikuwa sokoni Birere, Goma, asubuhi ya matope na ukungu. Jiko la mama mumoja muuza mandazi lilikuwa limekataa kuwaka, na yule mama alikuwa amepuliza mpaka machozi. Bénita akainamia chungu kidogo kilichokuwa kando ya meza yake, akatoa kaa jekundu kwa vidole vyake mwenyewe, akalinong'oneza kitu, akaliweka chini ya makaa ya jirani. Moto ukapanda mara moja, bila moshi. Binti akapangusa vidole kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni, akaendelea kupanga mafungu yake ya sombe, majani ya muhogo, kama mutu aliyesaidia tu kuokota sindano.

Kamate alikuwa anateremka na chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili ambacho Goma nzima inakisukuma kwenye mupando na kukipanda kwenye muteremuko. Kilijaa kabichi za Kibumba kupita kichwa chake. Breki ya chukudu ni muguu wa mwenyewe, na Kamate, kwa kitambo kidogo, hakujua muguu wake uko wapi. Kabichi zikaenda kulala juu ya samaki wa chumvi wa Vitshumbi. Mama mwenye samaki akamutukana kwa Kiswahili, akamutukana kwa Kinande, akamalizia kwa lugha ingine ambayo Kamate hakuijua lakini aliielewa yote.

"We kijana," Bénita akasema bila kuinua kichwa, "macho yako uliyaacha Kibumba?"

"Nimekuja nayo, dada. Ila yamepata kazi ingine."

Wamama wa sombe wakacheka. Bénita naye alicheka, lakini aliinama zaidi ili asionekane.

Tangu siku ile kila kabichi ya Kamate ilipita mbele ya meza ile, hata kama mununuzi alikuwa upande mwingine wa muji. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, muzaliwa wa vilima vya Butembo. Chukudu yake aliichonga mwenyewe kwa mukaratusi, kwa sababu Goma ya miaka ile kijana mwenye chukudu alihesabiwa mwanaume, na asiye nayo alihesabiwa mudomo. Bénita alimujibu kwanza kwa kumuchokoza, halafu kwa kumucheka, mwisho kwa kunyamaza. Na mwanamuke akinyamaza mbele ya mwanaume mwenye maneno mengi, ujue ameanza kusikiliza. Wanaume wengi wanalijua hilo wakiwa wamechelewa.

Siku moja mvua ya mawe ikawafungia chini ya plastiki moja, na hapo Bénita akamueleza habari ya chungu.

Moto ule haukuwashwa na kiberiti. Bibi wa mabibi wa nyumba yao aliupokea kwa Nyiragongo yenyewe, wakati mulima na watu walikuwa wangali wanasalimiana. Wanawake wa nyumba ile waliulea, mama akimuachia binti, na moto wa mulima ukawajua. Haukuwaunguza. Uliwatii kidogo, vile ngombe anamutii mutoto aliyekua naye. Vita ilipochoma kijiji chao kule Masisi, mama yake Bénita, aliyeitwa Mama Léocadie, aliacha mbuzi, aliacha sufuria, aliacha mulango wazi na mume wake amelala mbele ya mulango ule asiamke tena. Alichukua vitu viwili: mutoto mugongoni na chungu kichwani. Akatembea mpaka Goma, kwa mvua na kwa njaa, na kaa halikuzimika.

Watu kama hao njo wanajenga muji. Wale wa kuutawala wanafika nyuma, ndani ya gari, wakiuliza nani alitoa ruhusa ya kujenga.

Kamate alisikia habari ile na mapenzi yake yakapata mizizi. Hakuogopa. Kwao pia, Butembo, wazee walijua kwamba kuna mito inayosikia majina. Alitamani tu kumuona mama aliyefanya safari ile.

Alimuona, na haikumusaidia. Mama Léocadie alimutazama usoni, wima, vile mutu anatazama kabichi iliyooza upande mumoja. Akamuambia kwamba binti yake ameposwa. Muchumba aliitwa Guylain, dereva wa mukubwa mumoja wa muji. Mama hakuwa mutu wa tamaa, tusimusingizie. Lakini mwanamuke aliyekimbia vita kwa miguu anapenda binti yake aolewe na magurudumu.

"Na si ya mbao," aliongeza. "Ya mbao ninayaona kila siku yamelala kwenye mutaro."

Kamate akarudi tena, na tena. Alileta kabichi nzuri, zikarudishwa. Alitengeneza ua wa mawe uliokuwa umeanguka, akapewa aksanti bila maji ya kunywa. Kila mara Mama Léocadie alimukazia macho mpaka kijana akasahau sentensi aliyoiandaa njia nzima.

Basi ikafika ile siku ya mwezi wa kwanza, mwaka wa elfu mbili na mbili, ambayo kila mutu muzima wa Goma anaikumbuka.

Mulima ulikuwa umesema kwa miezi. Ardhi ilitikisika, moshi ulitoka katika mashamba, walimaji wa juu waliteremka kueleza. Wakubwa wa muji wakawaambia watulie, warudi kulima. Hata asubuhi ile, mulima ulipopasuka ubavuni na majivu yakafunika jua, amri ilikuwa kwamba kila mutu abaki kwake. Wakati amri ile inapita kwenye redio, wake za wakubwa na watoto wao walikuwa wamekwisha kuvuka mupaka.

Kamate alifika Birere akakuta muji wote unakimbia. Magodoro vichwani, mashine za kushona, mbuzi, watoto waliofungwa kamba moja wasipotee. Mutu mumoja tu alikuwa anakwenda kinyume, akisukumwa, akirudi, akipenya tena. Alikuwa Bénita. Sombe zake zilikuwa zimekanyagwa zote na hakuzitazama. Alimuambia kwa haraka kwamba mama yuko nyumbani, mutaa wa Mapendo, kwamba tangu jana goti lake limevimba kwa kuanguka juu ya mawe na hawezi kukanyaga, na kwamba Guylain aliahidi kumutoa lakini yeye, Bénita, hataki kukaa kungojea ahadi.

Kamate akakata kamba. Kabichi zote zikaviringika barabarani. Hakuna aliyemutukana siku ile. Akageuza chukudu ikiwa tupu, yeye akisukuma nyuma na Bénita akivuta mbele, wakapanda kuelekea Mapendo wakati muji muzima unateremka.

Walimukuta mama amekaa mbele ya nyumba yake ya mbao, chungu juu ya mapaja. Majirani walikuwa wameondoka. Wawili walijaribu kumubeba na aliwafukuza kwa kuwa walikuwa na watoto wao wa kubeba. Alieleza kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba Guylain alipita. Gari lilikuwa limejaa makochi ya mukubwa, na friji yake, na mapazia.

"Alisema hakuna nafasi, atarudi," mama akasema. "Mbwa wa mukubwa alikuwa kwenye kiti cha mbele."

Bénita akamusaidia kupanda juu ya chukudu, juu ya gunia tupu, na Kamate akasukuma.

Moto wa Nyiragongo haukimbii kama maji. Unakuja kama uji muzito unaomwagika mezani, mweusi juu, mwekundu chini ya ngozi, na sauti yake ni ya sahani nyingi zinazovunjika pole pole. Mabati yalijikunja kabla haujayagusa. Migomba ilinyauka ikiwa imesimama. Walipofika kwenye barabara ya kuteremka Birere, moto ulikuwa umekwisha kuikata, mupana kama uwanja wa mupira. Walipogeuka, mukono mwingine wa moto ulikuwa umeshuka nyuma yao na kufunga njia ile waliyokuja nayo. Wakabaki kwenye kisiwa cha nyumba chache, na kisiwa kile kilikuwa kinapungua. Ngambo, upande wa Birere, waliona watu wamesimama, wameshika vichwa.

Kamate alitafuta njia kwa macho mpaka macho yakachoka. Bénita hakutafuta. Alimutazama mama yake.

"Mama, tunaweza kwa chungu?"

Mama Léocadie akaeleza, na Kamate akasikia kwa mara ya kwanza sheria yote ya moto ule. Mwanamuke wa nyumba akishika chungu kwa mikono miwili na kutangulia bila kugeuka, moto unamufungulia njia, mawe yanapoa chini ya miguu yake. Lakini njia ile ni ya watu wa jiko moja tu. Mwingine akiikanyaga, inabaki moto. Bénita atashika chungu. Mama hawezi kutembea. Chukudu haiwezi kupita kwa sababu mbao kwa moto ni chakula. Kwa hiyo lazima mama abebwe mugongoni, na wa kumubeba alikuwa mumoja tu, na huyo hakuwa wa jiko lao.

"Basi mufanye wa jiko letu," Bénita akasema. "Wewe njo mwenye jiko."

"Kuna majina mawili tu ya kumuingiza mwanaume," mama akajibu. Sasa alikuwa anasema na Kamate, usoni, kama siku zote. "Sikiliza vizuri, kijana. Nikikuita mutoto wangu, unaweza kunibeba. Lakini moto haupokei neno la kuazima. Utakuwa mutoto wangu mpaka kaburini, na huyu atakuwa dada yako. Nikikuita mukwe wangu, utamupata. Lakini mukwe hamugusi mama mukwe wake. Hamutazami hata usoni. Kwetu ni hivyo."

"Na kwetu ni hivyo, mama."

"Basi unajua. Nitasema mukwe. Muvuke nyinyi wawili. Mimi nimekwisha kukimbia mara moja, inatosha."

Nyumba ya jirani ikashika moto, mbao zake zikilia. Bénita alikuwa amesimama katikati, na uso wake Kamate hakuweza kuutazama, kwa sababu aliona kwamba hatamuomba lolote. Hatamuomba amuache mama, na hatamuomba amuokoe. Binti yule, ambaye moto ulikuwa unamutii, alimuachia yeye kuchagua, na angebeba chaguo lake bila kulitupa usoni pake hata siku moja. Kamate akajua siku ile kwamba hatapata mwanamuke mwingine wa namna ile hata akizunguka Kivu yote. Na alivyolijua hilo njo akapiga magoti, akamugeuzia mama mugongo.

"Sema mutoto," akasema. "Panda, mama."

Wakati mama anajifunga kikwembe, Bénita akaweka kiganja kwenye shavu la Kamate. Kilikuwa baridi, kiganja kile kilichozoea makaa.

"Hiki ni cha mwisho," alimuambia kwa sauti ndogo, "kabla hujakuwa kaka yangu."

Mama Léocadie akaomba chungu. Maneno ya kumuingiza mutu jikoni yanasemwa ndani ya chungu, mudomo kwenye mudomo, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuyasikia, hata binti. Akainama. Alisema kwa muda murefu kuliko Kamate alivyotegemea, kwa neno moja tu. Mara moja alionekana kama anabishana. Halafu akamurudishia Bénita chungu, akapanda mugongoni mwa kijana, na Bénita akakanyaga moto.

Wale wa ngambo waliokuwepo wanasimulia mpaka leo, na kila mumoja anasimulia namna yake. Lakini wote wanasema hivi: ule wekundu ulizimika chini ya muguu wake kama mutu anavyovuta shuka. Ukawa jiwe. Akakanyaga mara ya pili, jiwe likaenda mbele yake. Njia ilikuwa na upana wa mulango, na pande zote mbili moto ulisimama ukivuta pumzi, umejaa nyota ndani yake, ukimutazama apite. Nywele zake zilipeperuka kwa joto na hazikuungua. Hakuharakisha. Alitembea kama binti anayebeba maji ambayo hataki yamwagike, mugongo umenyooka, shingo imenyooka, na mbele ya hatua zake mulima ulikuwa unajikunja. Hakuna mukubwa yeyote wa nchi hii ambaye ardhi imemuheshimu hivyo.

Kamate alifuata. Nyayo zake zilisikia joto la ua wa nyumba wakati wa saa sita ya mchana, si zaidi, na kwa hilo akajua kwamba jina limekubaliwa. Alikuwa mutoto wa Mama Léocadie. Nyuma yake akasikia chukudu ikishika moto, mulio mufupi, kama mufupa. Hakugeuka. Alitazama visigino vya Bénita na kuhesabu kila kimoja kama kitu kinachoondoka nyumbani mwake.

Kitu kimoja kilimuuma zaidi. Mama hakumushika. Mutu anayebebwa anakumbatia shingo, hata adui angekumbatia pale. Lakini Mama Léocadie alikuwa ameficha mikono yake ndani ya kikwembe, amegeuza uso pembeni, akining'inia kama muzigo uliofungwa vibaya, na mwili wake wote ulitetemeka kama anachukizwa. Hata sasa, Kamate akafikiri. Hata sasa hanipendi.

Walipotoka upande wa pili, watu walipisha bila sauti. Muzee mumoja akavua kofia mbele ya Bénita. Nyuma yao njia ikafungika, nyekundu, kama haijawahi kuwepo. Kamate akamuweka mama chini juu ya ngazi ya duka, pole pole, na Bénita akafungua chungu.

Ndani mulikuwa majivu. Moto uliovuka vita na mvua na njaa ulikuwa umezimika.

Binti akaingiza vidole, akatafuta, akavitoa vikiwa vyeupe. Kamate aliona ni yeye aliyeleta hasara ile. Mutu wa kigeni aliyeingizwa jikoni kwa nguvu. Mama alikuwa amejifunika kikwembe mpaka kichwani na hakumutazama wala kumuambia aksanti.

Wakavuka mupaka na wengine. Kule walilala chini ya plastiki, na Kamate akajifunza kuwa kaka. Alichota maji, alisimama kwenye foleni ya unga, alikata fimbo ya mama ya kutembelea. Alikwepa kukaa karibu na Bénita. Alipomuletea maji mara ya kwanza, binti alimujibu "aksanti, kaka," na sauti yake ikapasuka katikati, na neno lile likamuunguza Kamate kuliko barabara yote waliyoivuka. Mama naye alizidi. Kamate akikaribia, anageuka. Kamate akisalimia, anavuta kikwembe juu ya uso na kutazama plastiki. Yeye ambaye zamani alimukazia macho mpaka kijana anasahau jina lake!

Wakubwa wakatangaza kwamba Goma imekufa, mutu asirudi, wao watakaa mukutano watafute mahali pengine. Wangali wanakaa, nafikiri. Watu wakarudi. Jiwe lilikuwa lingali na moto chini yake, viatu viliyeyuka, na watu wakarudi, mabati kichwani, misumari mifukoni, wakitafuta kwa kukisia wapi ilikuwa avenyu yao, wapi mulango wao. Hakuna muji ninaoujua uliojisimamisha hivyo bila kusaidiwa na hata mutu mumoja mwenye cheo. Mapendo ilikuwa jiwe jeusi tupu. Mama Léocadie alionyesha mahali kwa fimbo, akasema ni hapa, na hakuna aliyebisha. Wamama walikuwa wanapika bila kuni, sufuria juu ya nyufa, na mulima uliokula nyumba zao ukawaivishia maharagi.

Kamate aliazima chukudu ya rafiki akaleta mbao za kuwajengea. Kaka anajenga kwa mama yake. Akazishusha, akasalimia. Mama, aliyekuwa anakoroga sufuria, akajifunika uso wote, akageukia jiwe, akamupa mugongo.

Hapo kijana akachoka. Akamuita Bénita pembeni, lakini pembeni kwenye jiwe tupu si mbali. Alimuambia kwamba atamaliza ukuta na paa, halafu atarudi Butembo. Alimuambia kwamba alikubali kumupoteza yeye, na angekubali tena, lakini hawezi kukaa katika nyumba ambamo mama aliyemuita mutoto hawezi hata kumutazama. Jiko lilizimika kwa sababu yake, anajua. Basi awaondokee.

Bénita alisikiliza mpaka mwisho, kichwa chini. Kisha akageuka kumutazama mama yake, aliyekaa pale kama furushi la nguo, mwiko ukitokea chini ya kikwembe. Kitu kikaanza kubadilika usoni pake.

"Mama," akaita. "Tangu lini unafunika uso mbele yake?"

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria.

"Mutu hafuniki uso mbele ya mutoto wake."

"Nilikuwa nangoja kuona ni nani kati yenu mwenye akili," mama akasema kwa jiwe. "Nimekaa gizani ndani ya kitambaa hiki, joto linaniua, na nyinyi mumekaa vipofu. Mulitaka nipige ngoma? Mama mukwe anamuambiaje mukwe wake? Anamukimbia. Hiyo njo kumuambia kwenyewe."

Kamate alisimama na ubao mukononi.

"Lakini alikugusa," Bénita akasema. "Na tulipita."

"Niliuambia moto kweli. Kwamba huyu ni mukwe. Kwamba atanibeba. Kwamba aibu ile ni yangu, si yake, na uchukue kwangu malipo unayotaka. Moto ukabisha. Mimi pia nikabisha." Mwiko ulizunguka mara moja ndani ya sufuria. "Ukachukua jiko."

"Moto wa bibi zetu wote, mama."

"Bibi zetu waliulea ili utuvushe. Umetuvusha. Guylain alikuwa na gari, Bénita. Huyu alikuwa na wewe tu, na akakuacha ili mimi nisibaki. Unataka nimuite mutoto, nikunyang'anye mwanaume wa namna hiyo? Mimi si mukubwa wa serikali."

Kamate alikuwa amesahau adabu yote, alikuwa anamutazama mama mukwe wake kwa macho mawili, mudomo wazi.

"Mwambie huyo mutu ageuke," mama akasema.

"Kamate, geuka."

Akageuka haraka, ubao ukakaribia kumuangusha Bénita. Sasa mukwe na mama mukwe walikuwa wamepeana mugongo juu ya jiwe lililofunika nyumba, na Bénita katikati yao, akilia na kucheka, akishika ubao upande mumoja ili usianguke na mukono wa Kamate upande mwingine, mbele ya watu wote.

"Mwambie," mama akaendelea, "alete watu wake kutoka Butembo, tuzungumze kama watu, si kuja hapa kila siku na mbao kama fundi asiye na kwao. Mwambie chukudu ingine aichonge na breki."

"Amesikia, mama."

"Sisemi na yeye, ninasema na wewe. Na mwambie maharagi yameiva. Mupelekee, akule kule kule alikogeukia."